Usisaini Kwanza: Tahadhari kwa Biashara Zinazohamia Simu ya Intaneti

Kama mezani kwako kuna mkataba wa simu ya intaneti unaosubiri saini, uache hapo ulipo. Soma haya kwanza.

Kama umeshasaini, soma haraka zaidi.

Maduka, zahanati, shule, kampuni za mabasi, ofisi za mawakili: wote wanahama. Simu ya mezani ya waya wa shaba inang'olewa. Mahali pake inakuja programu ya kompyuta, au kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye ruta, au namba moja inayolia kwenye simu za mkononi za wafanyakazi sita kwa mpigo. Kuhama kwenyewe hakuna ubaya. Uingereza imepanga kuuzima mtandao wake wa zamani wa simu za mezani Januari 2027. Dunia imeshageuka, na hairudi nyuma.

Ubaya uko kwenye namna tunavyochagua.

Tunauliza bei. Tunauliza kama maongezi yanarekodiwa. Tunauliza kama kuna muziki wa kumliwaza mteja anayesubiri. Tukiridhika, tunasaini.

Hatuulizi nani anaweza kuingia. Hatuulizi umeme ukikatika itakuwaje. Hatuulizi namba ni ya nani. Hatuulizi siku tukitaka kuondoka tutaondokaje.

Maswali manne. Kila moja lina hasara yake, na hasara hizo zimeshawakuta wenzetu.

Nani anaweza kuingia?

Mtambo wa simu ya intaneti ni kompyuta. Ukiuweka wazi kwenye intaneti, utaonekana, na hautachukua muda mrefu kuonekana. Ziko programu zinazopita kwenye anwani za dunia nzima usiku na mchana zikigonga lango namba 5060, lango la kawaida la SIP, itifaki inayoendesha sehemu kubwa ya simu hizi. Zikiitikiwa, zinaanza kubahatisha.

Mwambie fundi wako akufungulie kumbukumbu za mtambo, ujionee mwenyewe. Mstari baada ya mstari. Namba ya ndani 100: nenosiri si sahihi. 101: si sahihi. 102: si sahihi. Sekunde moja, majaribio kadhaa. Anayejaribu hachoki, kwa kuwa si mtu. Anaijaribu 101 kwa nenosiri 101. Anajaribu 1234. Siku atakapokuta simu ya mapokezi imewekewa nenosiri linalofanana na namba yake, mstari unaofuata hautasema tena kwamba si sahihi.

Hapo ameingia.

Wengi wa wezi hawa hawana haja na maongezi yako. Wanaiba dakika. Mwizi anakuwa ameshajipatia namba za malipo makubwa katika nchi ya mbali, namba ambazo kila dakika inayopigwa humwingizia mgawo. Mtambo wako unaanza kuzipigia namba hizo, laini nyingi kwa pamoja. Anapenda Ijumaa usiku. Ofisi imefungwa, mhasibu yuko nyumbani, hakuna atakayeitazama ripoti hadi Jumatatu.

Piga hesabu. Laini 10 zikiwa hewani saa 48 mfululizo, hizo ni dakika 28,800. Tuseme dakika moja ni shilingi 1,000. Jumatatu asubuhi unadaiwa shilingi 28,800,000 kwa simu ambazo hakuna mtu wako aliyezipiga. Mtoa huduma naye anadaiwa na kampuni ya nje iliyozipokea, kwa hiyo atakugeukia wewe. Mikataba mingi imeandikwa hivyo: kilichotoka kwenye mtambo wako ni deni lako.

Wizi huu si mgeni. Mwaka 2006 polisi wa Marekani walimkamata Edwin Pena jijini Miami. Alikuwa ameuza zaidi ya dakika milioni 10 za simu akizipitisha kwenye mitambo ya kampuni nyingine bila wenyewe kujua. Alitoroka, akakamatwa Mexico mwaka 2009, na mwaka 2010 akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Mwenzake, Robert Moore, ndiye aliyekuwa akitafuta mitambo ya kuingilia. Baadaye alieleza kwamba kazi haikuwa ngumu: maneno ya siri ya kiwandani yalikuwa bado hayajabadilishwa.

Yaliyoziponza kampuni zile ndiyo yaleyale yanayokutwa leo kwenye ruta na mitambo ya ofisi zetu.

Kuna na kuingiliwa kwa njia nyingine. Simu nyingi za intaneti husafiri zikiwa hazijasimbwa. Aliye kwenye mtandao huohuo, akiwa na programu ya bure ya kunasa data, anaweza kuyanasa maongezi na kuyasikiliza. Mteja anakusomea namba ya akaunti. Mgonjwa anataja majibu yake ya kipimo. Vyote viko wazi. Dawa ipo tangu zamani: mfumo wa kuisimba sauti uitwao SRTP ulichapishwa mwaka 2004. Unahitaji kuwashwa tu. Watoa huduma wengi hawauwashi mpaka uombe.

Na programu yenyewe inaweza kuletwa na sumu ndani. Machi 2023 wavamizi walipenyeza programu haribifu ndani ya programu ya kompyuta ya 3CX, kampuni ya simu za ofisini ambayo wakati huo ilitaja wateja 600,000 duniani. Waliopakua hawakukosea popote. Waliipata kwenye chanzo halali, ikiwa na saini halali ya kampuni. Uchunguzi wa kampuni ya Mandiant ulionyesha kwamba mlolongo ulianzia kwenye kompyuta binafsi ya mfanyakazi mmoja wa 3CX, aliyekuwa amepakua programu nyingine iliyokwisha kuchafuliwa.

Kompyuta moja ya mfanyakazi mmoja. Madhara yakafika kwenye kampuni za nchi nyingi.

Umeme ukikatika itakuwaje?

Simu ya zamani ilipata umeme kutoka kituo cha simu, volti 48, kupitia waya uleule uliobeba sauti. Mtaa mzima ungekuwa gizani na simu ingelia. Simu ya intaneti haina bahati hiyo. Umeme ukikatika, ruta inazima. Ruta ikizima, namba ya biashara imezima.

Wengi watasema wana jenereta. Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Sehemu ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ilikaa gizani, kwa sababu jenereta ya akiba ilikuwapo lakini haikuwaka. Jenereta isiyojaribiwa haina tofauti na jenereta isiyokuwapo.

Sasa tuje kwenye intaneti yenyewe.

Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kusini mwa pwani yetu. Intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ukafunga huduma kwa umma kwa siku mbili. Miezi mitatu kabla, mikongo mingine ilikuwa imekatwa kwenye Bahari ya Shamu. Januari 2021 Uganda ilizimiwa intaneti kwa siku tano wakati wa uchaguzi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania, na haikuanza kurejea hadi mwanzoni mwa Novemba. Oktoba 4, 2021, hapakuwa na mkongo uliokatika wala serikali iliyozima, lakini WhatsApp ilipotea duniani kote kwa takriban saa sita kwa sababu ya kosa la ndani la kampuni yenyewe.

Sababu ni tofauti. Matokeo ni mamoja. Mteja anapiga, hapatikani mtu.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kama seva ya mtoa huduma iko Ulaya, simu kutoka Kariakoo kwenda Posta, jijini Dar es Salaam, inavuka bahari, inafika Ulaya, ndipo irudi Posta. Mkongo ukikatika, hata jirani yako wa mtaa wa pili hakupati. Na ukinunua intaneti kwa kampuni mbili ukidhani una akiba, huenda zote mbili zinapita mkongo mmoja. Siku utakapokatika, zitaanguka pamoja.

Uliza seva iko wapi. Uliza intaneti yao inapita mkongo gani.

Usidanganywe na kasi pia. Simu moja ya ubora wa kawaida hula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu 10 hazifiki megabiti moja. Kinachoua sauti ni ucheleweshaji na data inayopotea njiani. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ukizidisha sana hapo watu wanaanza kukatizana maneno. Anayetegemea setilaiti za zamani, zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ameshapita kiwango hicho kabla hajasema "haloo". Na ofisi yenye intaneti nzuri inaweza kujiharibia yenyewe: kamera za ulinzi zinapandisha video kwenye mtandao mchana kutwa, sauti ya mteja inakosa nafasi. Mteja anasikia vipande vya maneno. Anakata. Anampigia mwingine.

Bado kuna suala la uhai.

Desemba 2013, katika mji wa Marshall, Texas, Kari Hunt alishambuliwa kwenye chumba cha hoteli na kuuawa. Binti yake wa miaka tisa alipiga namba ya dharura, 911, mara nne. Haikutoka. Mtambo wa simu wa hoteli ulitaka kwanza ubonyeze 9 ili upate laini ya nje, na mtoto hakujua. Marekani ilitunga sheria yenye jina la mama huyo mwaka 2018, ikitaka mitambo ya simu za ofisi na hoteli iruhusu 911 moja kwa moja.

Kwetu je? Nenda kwenye simu ya mapokezi ya ofisi yako na umuulize mtoa huduma: 112 inatoka bila kubonyeza kitu kingine? Simu ya zimamoto, 114, inafika kituo cha mkoa upi, ikiwa mfanyakazi yuko Mwanza na akaunti imesajiliwa Dar es Salaam? Simu ya intaneti haijui ulipo mpaka uiambie. Kama jibu halipo, bandika ukutani tangazo linalosema dharura zipigwe kwa simu ya mkononi. Libandike leo.

Namba ni ya nani?

Namba ya biashara imechorwa kwenye kibao cha duka. Imechapwa kwenye risiti. Imebandikwa kwenye boksi la bodaboda anayepeleka mizigo. Mteja wa Sumbawanga ameihifadhi kwenye simu yake kwa jina la duka lako. Ni mali, na ni ghali kuliko kompyuta zote za ofisi.

Imesajiliwa kwa jina la nani?

Katika biashara nyingi ndogo na za kati, jibu linatisha. Laini ni ya karani. Aliisajili kwa kitambulisho chake siku ile mliyokuwa na haraka, akafungua WhatsApp ya biashara juu yake, na oda zote zikawa zinaingia humo. Siku akiacha kazi, anaondoka na namba, anaondoka na historia ya oda, anaondoka na wateja. Kisheria laini ni yake. Kumshtaki hakutakuwa rahisi.

Kwa wengine, namba ni ya kampuni ya programu. Skype ilianza mwaka 2003. Watu walijenga biashara juu yake, wakanunua namba, wakaweka salio. Februari 28, 2025, Microsoft ilitangaza kwamba inaifunga. Mei 5, 2025, ikafungwa. Zaidi ya miaka 20 ya huduma, wiki chache za notisi. Waliokuwa na namba iliyochapwa kwenye kadi na mabango walilazimika kukimbizana kuihamisha.

Kama hilo liliipata Skype, yenye tajiri kama Microsoft nyuma yake, programu uliyoikuta mwaka jana kwenye tangazo la mtandaoni ina dhamana gani?

Kenya iliruhusu wateja wa simu za mkononi kuhama mtandao bila kubadili namba mwaka 2011, Tanzania mwaka 2017. Haki hiyo ya namba ya mkononi usidhani inaifuata namba ya kila programu. Taka mkataba useme.

Wafanyabiashara wanaoagiza mizigo nje wana la ziada. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa kwa miaka, na zinazoruhusiwa ni programu zenye kibali. China imeizuia WhatsApp yenyewe. Mwenye wakala Dubai au Guangzhou asijenge mawasiliano yote ya biashara juu ya programu ambayo upande wa pili haifanyi kazi bila kuzunguka sheria.

Tutaondokaje?

Mikataba mingi ni rahisi kuingia. Kutoka ndiko kwenye tabu. Bei ni kwa kila mtumiaji, kila mwezi, mara nyingi kwa dola. Shilingi ikishuka, bili inapanda bila wewe kuongeza mfanyakazi. Mkataba wa miaka mitatu unajihuisha wenyewe usipotoa notisi ya siku zilizotajwa kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho.

Na kuna vitu vyako vilivyobaki ndani: orodha ya wateja, kumbukumbu za simu, maongezi yaliyorekodiwa. Hizo ni taarifa za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ukirekodi maongezi ya mteja, wewe ndiye unayewajibika, hata kama yamehifadhiwa kwenye seva ya mtu mwingine nchi nyingine. Taarifa hizo zikivuja, mteja atakuja mlangoni kwako.

Tusipobadilika

Hasara hizi zinaambukizana. Mtambo mmoja ukiingiliwa, hutumika kuwapigia wengine kwa namba yako. Mteja anaona jina la duka analoliamini, anapokea, anaambiwa atume pesa kwa namba fulani. Anatuma. Kuanzia siku hiyo kila simu yako ni ya tapeli machoni pake. Atawaambia ndugu zake. Atawaambia kwenye kundi la mtaa.

Zahanati itakuwa kimya wakati mama mjamzito anapiga. Kampuni ya basi itakuwa kimya wakati gari limepinduka. Duka litaamka Jumatatu na deni linalozidi mtaji. Wauzaji wa mifumo mibovu wataendelea kuuza, kwa sababu hakuna anayewauliza.

La kufanya sasa

Hatua ni chache. Hakuna inayohitaji mtaalamu kutoka nje.

Kwanza, funga simu za nje. Mwambie mtoa huduma azuie nchi zote ambazo huzipigii, na aweke kikomo cha matumizi kwa siku. Kikomo kikifikiwa, simu zikatwe, hata kama ni Jumamosi usiku. Hatua hii peke yake ndiyo tofauti kati ya hasara ya elfu kadhaa na hasara ya mamilioni.

Pili, badilisha maneno ya siri yote. Kila namba ya ndani iwe na lake, refu, lisilofanana na namba yenyewe. Ruta pia. Ukurasa wa usimamizi pia. Aliyeacha kazi afutwe siku hiyohiyo. Mtambo usionekane wazi kwenye intaneti, uitikie anwani za mtoa huduma wako tu, na wafanyakazi walio nje waingie kwa njia iliyosimbwa. Usimbaji wa sauti uwashwe. Masasisho ya programu yawekwe kwa wakati.

Tatu, jaribu kwa mkono wako. Saa nne asubuhi, siku ya kazi, chomoa ruta kwenye umeme. Kisha ipigie namba ya biashara kwa simu nyingine. Kama haijahamia yenyewe kwenye laini ya mkononi iliyoteuliwa, huna akiba. Kuhamisha huko kufanyike upande wa mtoa huduma, kwa sababu mtambo wako utakuwa umezima. Weka betri ya ruta. Weka laini moja ya kawaida ya simu isiyotegemea intaneti hata kidogo.

Nne, sajili namba kwa jina la kampuni. Ile ya karani ihamishwe kwa taratibu za mtandao husika akiwa bado yuko kazini na mnaelewana.

Tano, pata haya kwa maandishi kabla ya saini: leseni ya mtoa huduma kutoka TCRA ya Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, au UCC ya Uganda, seva ilipo, nani analipa simu zikiibwa, namba inahamaje, data inarudishwaje na kufutwa lini. Taka pia mwezi mmoja wa majaribio, kwa simu za kweli za wateja wa kweli.

Anayekataa kuandika majibu hayo amekwisha kukujibu. Mwache, tafuta mwingine. Wapo wanaoandika.

Mwenye biashara, usimwachie fundi jambo hili peke yake, na wewe fundi usingoje kuulizwa na bosi. Kazi ya kufunga simu za nje ni ya dakika chache na haina gharama. Mpigie mtoa huduma wako leo, kabla ofisi haijafungwa. Kisha mwambie na mwenye duka la jirani.